Jiwe la Neema

Sijawahi kuwachukia mbwa mwitu. Nalisema hilo mapema kwa sababu kila ninapoisimulia habari hii watu hukimbilia kuniuliza walikuwa wakubwa kiasi gani, na meno yao, na kama sikuogopa. Niliogopa, ndiyo. Lakini mnyama alifuata chakula, akauma, akaenda zake. Anayenichemsha damu hadi leo alikuwa na kanzu iliyopigwa pasi na simu mbili mkononi.

Nilikuja Maskati kufanya kazi za ndani. Nilipangiwa nyumba mtaa wa Ghubra, kwa mama mmoja wa Kiomani aliyezaliwa Unguja, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko changu mimi niliyetoka Dodoma. Kusema kweli tulielewana. Alinifundisha pilau yake, na mimi nilimvumilia maneno yake mengi ya asubuhi. Mwanawe mkubwa alikuwa meneja, mudiri kama tunavyosema huku, wa kambi ya kusaga kokoto nyuma ya milima, mahali ambapo lami inakwisha na gari linaendelea kupanda juu ya mawe mpaka simu inapoteza mtandao. Mpishi wa kambi alikwenda kwao likizo asirudi. Basi mudiri akaja kumwomba mama yake aniazime.

Ndilo neno alilolitumia. Nilikuwa jikoni nakuna nazi, mlango uko wazi, nikamsikia: "Mama, niazime huyu dada kwa mwezi mmoja." Sufuria huazimwa. Ungo huazimwa. Mama alinung'unika kwamba ndiyo kwanza mkono wangu wa pilau umeanza kukaa sawa, kisha akakubali, kwa sababu mwanawe huyo hamnyimi kitu. Mimi hakuna aliyeniuliza. Mwezi ukaisha, ukafuata mwingine, na habari ya kunirudisha haikutajwa tena.

Kambi yenyewe ilikuwa safu mbili za kontena zilizotobolewa madirisha, jiko la mabati, vyoo upande wa pili wa uwanja, na ile mashine kubwa ya kusaga mawe ambayo sote tuliiita kresha. Kresha ikiwaka humsikii mtu aliye mbele yako. Vumbi lake jeupe lilikaa kwenye nyusi, kwenye chai, kwenye unga. Wafanyakazi wengi walikuwa Wabangladeshi na Wapakistani, watu wapole waliokula nilichowapa bila maneno. Mtanzania mwenzangu alikuwa mmoja tu, mtu wa Kahama, dereva wa kijiko cha kupakia kokoto, mwenye mvi kidevuni na watoto wa shule aliowapigia simu kila Ijumaa kutoka juu ya mwamba wenye mtandao. Nilimwita kaka, naye aliniita dada. Jioni tulikaa mlangoni pa jiko tukasema Kiswahili mpaka tukashiba.

Sasa niseme habari ya wali. Katika nyumba ile ya Ghubra, chakula kilichobaki hakitupwi pamoja na taka. Wali na mkate ni neema, na neema haichanganywi na maganda ya vitunguu na nepi za wajukuu. Mama alikuwa na beseni lake safi kwa kazi hiyo, na dereva alilipeleka kwa mtu mmoja mwenye mbuzi. Punje mbili zikianguka sakafuni, mama alikuwa anainama na magoti yake yale mabovu, anaziokota. Niliipenda desturi hiyo. Kwetu tumeshalala njaa miaka ya ukame, sihitaji kufundishwa heshima ya chakula.

Mudiri aliileta kambini desturi ya mama yake, lakini aliileta nusu. Taka nyingine zote zilimwagwa korongoni nyuma ya vyoo, kwa sababu lori la taka halikupanda mpaka huko na hakuna aliyelifuatilia. Neema peke yake ndiyo iliyopewa heshima. Nyuma ya jiko kulikuwa na jiwe pana, bapa, akaniagiza makombo ya wali niyaweke pale, juu ya jiwe lililofagiwa, ili viumbe wa Mungu wapate kula. Na makombo yalikuwa mengi, hasa Ijumaa, maana Ijumaa mama yake alikuja mwenyewe na gari lake na dereva wake, amebeba masufuria ya pilau ya sadaka ya kulisha kambi mbili. Wafanyakazi wakalipa jina lile jiwe. Wakaliita Jiwe la Neema, kila mtu kwa matamshi yake.

Kwanza walikuja ndege. Kisha paka, sijui walitoka wapi. Kisha mbweha, wadogo, wenye masikio makubwa, wanaokula huku wakitazama nyuma. Watu walifurahi. Ukikaa mahali pasipo mtoto wala mti, hata mbweha ni mgeni.

Mbwa mwitu walifika wakati wa baridi, dume na jike. Si yule wa kwetu mwenye mabaka. Huyu ana rangi ya mchanga, mwembamba, miguu mirefu, na anakutazama usoni muda mrefu kuliko unavyopenda. Yule dume alijua saa zetu. Kresha ikizimwa kwa chakula cha mchana, anatokea nyuma ya rundo la kokoto na kukaa. Fundi mmoja alipoteza kiatu usiku, asubuhi tukakikuta jiweni kimetafunwa kisigino, tukamcheka siku nzima. Mwingine alirudi kutoka chooni mbio, taulo limebaki njiani, akasema amefuatwa mpaka mlangoni pa kontena. Hapo hatukucheka sana. Nikaanza kupeleka wali nikigonga vifuniko vya sufuria ili niwafukuze, na baada ya siku kadhaa nikagundua kwamba wameshaufanya ule mlio kengele yao ya chakula. Nikigonga, wanakuja.

Mudiri aliwapiga video kutoka ndani ya gari lake, vioo vimepandishwa, akawatumia rafiki zake. Nilimfuata ofisini.

"Mudiri, wanyama hawa wanazoea watu. Tuache kuweka wali."

Akanijibu kwa Kiswahili chake laini cha kulelewa na mama yake. "Dada, neema utaitupa wapi? Jaani? Mama akisikia nitamwambia nini?"

"Basi lori la taka lije, na korongo lisafishwe, na chakula kipungue."

"Inshallah," akasema. Niliishi Maskati muda wa kutosha kujua Inshallah ya ahadi na Inshallah ya kunifukuza ofisini.

Joto lilipoanza, yule dume alibadilika. Alikuja mchana kweupe, jua la utosi, peke yake, na wali hakuugusa. Alitembea anapepesuka, ute unamning'inia mdomoni, akauma tairi la boza la maji. Nililijua jambo lile. Shangazi yangu aliumwa na mbwa wa jirani, wakampaka majani, na wiki chache baadaye nilimwona akishindwa kuyatazama maji kwenye kikombe. Alikufa amefungwa kamba kitandani, ana kiu. Na msidhani kambini nilikuwa peke yangu wa kujua. Wote pale tulitoka nchi zenye kichaa cha mbwa. Mudiri mwenyewe aliutaja ugonjwa kwa jina lake la Kiarabu, akatuamuru tusitembee mmoja mmoja, akapandisha vioo, akashuka mjini.

Alhamisi alfajiri kaka alikuwa ameinama kwenye bomba nyuma ya kontena, anatia udhu. Yule mnyama alimkamata shavu la mguu. Hakubweka, hakunguruma. Kaka akampiga kwa kopo la maji, kisha kwa jiwe, mnyama akamwachia. Nilimsikia akiniita, "Dada, ameniuma," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeniambia maji yamekatika. Ile sauti ndiyo iliyonitisha.

Nilimkalisha kwenye ndoo nikamwosha kwa sabuni na maji ya bomba. Nikaosha na kuosha tena mpaka kipande cha sabuni kikaisha mkononi, na damu ikaacha kutoka. Alikuwa ananishika bega asianguke.

"Kuna sindano," nikamwambia. "Ukichomwa mapema hupatwi na kitu."

"Najua, dada. Nani atanipeleka?"

Mudiri alifika jua likiwa limeshapanda. Nilimpa habari kabla hajazima gari. Alikwenda kuuona mguu, akasimama mbali kidogo, akasikitika kwa maneno mazuri, kisha akanivuta pembeni.

"Hospitali watauliza ameumwa wapi," akasema. "Watatuletea wakaguzi. Wakiliona lile korongo watatufunga, na sisi tuna kokoto za barabara za kupeleka. Nipe mpaka Jumapili nilipange vizuri."

"Kichaa hakingoji Jumapili."

"Mtie manjano, dada. Jeraha si kubwa."

"Pikapu ipo. Inakwenda mjini na kurudi kabla ya alasiri."

"Pikapu ina kazi."

Mtie manjano. Mtu aliyesoma ng'ambo, mwenye mama anayepelekwa hospitali akikohoa mara mbili. Akatoka uwanjani akawaambia wote, kwa Kiarabu na kwa Kihindi chake cha kuombea maji, kwamba atakayepiga simu nje kuhusu jambo hili ajue tiketi yake ya kurudi kwao iko tayari. Nikashika simu yangu hivyo hivyo. Kaka akanizuia mkono. "Usipige, dada. Nikirudishwa wanangu wanaacha shule. Nakuomba." Mtu anaomba asiokolewe. Sikumlaumu yeye, na simlaumu hadi leo.

Nilichofanya ni kupanda mwambani nikampigia mama yake mudiri. Hakukuwa na mtu mwingine ambaye kaka angekubali nimpigie. Hakupokea. Alhamisi alikuwa na hitma ya jamaa yake, na akiwa kwenye hitma simu huiacha mkobani chini ya kanga. Nilipiga mpaka chaji ikaniishia, nikashuka.

Alasiri niliiona pikapu inatoka kwenye vumbi la barabara, nikasema amebadili mawazo, wanakuja kumchukua. Ilikuwa imetoka Wadi Kabir, huko mjini. Ilibeba gunia la vitunguu nililoliagiza siku nyingi, na boksi dogo lililofungwa kwa nailoni. Mudiri alilileta jikoni mwenyewe.

"Hii ni dawa ya wale mbwa," akasema. "Kesho mama akileta pilau, tenga sinia moja yenye nyama nyingi, uchanganye, uweke jiweni. Harufu ya pilau ya mama wanaijua."

Gari la sumu lilipatikana. Gari la vitunguu lilipatikana. Liliteremka mlima, likaingia mjini kwenye hospitali, likazunguka, likarudi, na mtu mzima, baba wa watu, ameketi kwenye ndoo na mashimo ya meno mguuni. Nimeshakasirika mara nyingi maishani, mimi si mtu mpole, lakini hasira ile sikuwa naijua. Haikunipandisha sauti. Mikono iliendelea kumenya viazi.

"Nimesikia," nikamwambia. Sikusema nitafanya.

Ijumaa baada ya sala gari la mama likafika. Wafanyakazi walishaoga, wamepanga mstari na sahani zao, nywele zimepakwa mafuta. Dereva akafungua nyuma na harufu ya bizari nzima ikaenea uwanja mzima. Mama akateremka taratibu, akajishikiza mlangoni, buibui limeshika vumbi pindoni. Kupokea sadaka ya mtu mzima kuna adabu yake. Unamwendea, unainama kidogo, unaipokea sufuria kwa mikono miwili, unamwombea Mungu amkubalie. Ijumaa zote nilifanya hivyo. Siku ile nilisimama mbele yake nikaweka mikono nyuma.

"Shikamoo, mama. Leo sipokei."

"Marahaba. Hupokei nini?"

"Pilau."

Alidhani namtania, akacheka. Kisha akaitazama mikono yangu, akaacha kucheka. "Nimekukosea nini, mwanangu?"

"Hujanikosea. Kuna mtu humu ndani ameumwa na mbwa mwitu mwenye kichaa tangu jana alfajiri. Hajapelekwa hospitali kwa kuwa hakuna gari. Gari lilikwenda Wadi Kabir kuleta sumu. Na sinia moja ya pilau hii nimeambiwa niitie hiyo sumu. Ukitaka niipokee, mchukue yule mtu kwanza."

Nyuma yangu wafanyakazi walishusha sahani zao. Hawakujua Kiswahili, lakini waliona sufuria iko hewani mikononi mwa dereva na mpishi hapokei, na nadhani hilo linaeleweka kwa lugha yoyote. Walikuwa na njaa, tangu alfajiri wamekunywa chai tu, na hakuna hata mmoja aliyenisukuma. Mudiri alitoka ofisini haraka, akaanza kumweleza mama yake kwa Kiarabu.

Mama akamkatiza. "Sema Kiswahili, na huyu asikie. Kweli haya?"

"Mama, haya mambo ya kazi."

"Nnakuuliza kweli au si kweli."

Mudiri akatazama viatu vyake.

"Mie nimeamka kabla ya alfajiri kuupika huu," mama akasema, "nkimsalia Mtume tangu natia mafuta mpaka napalia makaa. Nna magoti haya, nimesimama. Na weye utie sumu?"

Nampenda yule mama, lakini nitasema kweli. Kilichomchoma kwanza ni wali. Mtu alikuja wa pili. Nilisimama pale, mikono nyuma, nikaliona hilo waziwazi, nikalimeza nalo, kwa sababu nilichohitaji kutoka kwake siku ile ni gari.

"Teremsha masufuria yote," akamwambia dereva. "Haya, huyo mtu yuko wapi?"

Kaka alitoka amevaa shati lake la kupigia simu nyumbani, amefunga vifungo vyote mpaka shingoni, anachechemea. Alipoviona viti vyeupe vya gari akauliza kama atandike gunia. Mama akamwambia akae. Mudiri akasema neno kuhusu wakaguzi, mama akafunga mlango, na gari likaenda. Alichomwa sindano ya kwanza siku ileile, na nyingine zilizofuata alipelekwa na dereva wa mama.

Masufuria yalikuwa chini, na mimi nina ahadi yangu. Niliwapakulia. Niliwajazia sahani, wakarudi nikawajazia tena, nikawakwangulia ukoko, nikawapa nyama zote hadi mifupa yenye uboho. Walipomaliza hapakubaki punje. Jiwe likakaa tupu kwa mara ya kwanza tangu nifike, na lile boksi la nailoni likabaki juu ya kabati langu halijafunguliwa.

Halikukaa hapo. Jumamosi mudiri alilichukua akamtafuta mwingine, wakatumia chapati. Yule dume mgonjwa hakula. Tulimkuta amejifia chini ya mkanda wa kresha, mdomo umejaa mchanga. Sumu ilimpata jike, ambaye hakuwahi kumgusa mtu, chuchu zake zina maziwa, na watoto wake sijui walikoishia. Ikawapata na mbuzi wa kijiji cha chini ambao hupanda kulamba chumvi kwenye majabali. Mwenye mbuzi alifika na wanawe, akasimama getini akapiga kelele mpaka kresha ikazimwa. Haukupita muda wakaguzi wakafika, wakaliona korongo, wakaona kila kitu. Kile mudiri alichokiogopa kilimjia, lakini hakikuja kwa ajili ya kaka. Kilikuja kwa ajili ya mbuzi, maana mbuzi walikuwa na mwenyewe, anayeweza kupiga kelele bila kutishiwa tiketi.

Kambi ilifungwa kwa muda na mama akaja kunichukua. "Nimekuja kuchukua changu," akasema akicheka, akinishika mkono. Alidhani ananifurahisha. Niliingia garini.

Kwa hiyo nimerudi Ghubra, napika pilau ileile. Kaka amepata kazi kwenye gereji Wadi Kabir, mguu una makovu meusi ya duara, na Ijumaa moja moja hupita getini kutusalimia, akambusu mama mkono, akachukua chombo chake cha chakula akaenda. Mudiri naye huja kula kwa mama yake kila Ijumaa. Kambi ilifunguliwa tena zamani. Ananisalimia vizuri, kwa adabu, kama hakuna kilichowahi kutokea kati yetu, na mimi namwandalia.

Ijumaa iliyopita alikula nusu sahani, akaisogeza pembeni, akawa anasoma simu yake. Nikaja kutoa vyombo.

"Usiutupe, dada," akasema bila kuinua macho. "Utenge. Neema hiyo."

Nikaishika sahani, nikasimama nayo.

"Yule kaka wa Kahama alipita asubuhi," nikamwambia. "Mguu umepona kabisa."

Akainua macho kutoka kwenye simu.

"Nani?" akauliza.